Usiioshe Rupia ya Babu: Elimu kwa Umma kuhusu Madaraja ya Sarafu Kongwe

Tangu kuanza kwa mwaka huu, dawati letu la malikale hapa Tanga limepokea wageni wengi kuliko kawaida, na karibu kila mmoja ana habari ileile. Amekuta sarafu ya Mjerumani ndani ya kisanduku cha bibi yake. Ameona kwenye simu sarafu inayofanana nayo, imefungwa ndani ya kasha la plastiki lenye namba, imetangazwa kwa mamilioni. Anataka kujua hela yake ataipata lini. Baadhi yao wameshatuma fedha kwa mtu wasiyemjua aliyejitambulisha kuwa wakala wa kupima sarafu, na simu ya mtu huyo sasa haipatikani. Ndiyo sababu ya kuandika makala haya.

Mzee mmoja kutoka Muheza alifungua kitambaa mezani kwangu. Ndani mlikuwa na rupia nane za fedha, sarafu za enzi ya Mjerumani. Tano ziling'aa kama vijiko vya dukani, kwa kuwa mwanawe alizisugua kwa limau na majivu usiku wa kuamkia siku hiyo ili mtaalamu azione vizuri. Tatu zilizobaki zilikuwa nyeusi-nyeusi, na pembezoni zimeshika rangi ya buluu na kahawia. Mzee akaniomba radhi kwa uchafu wake. Nilipata tabu kumweleza kwamba hizo tatu ndizo alizookoa, na kwamba tano zile hakuna fundi duniani atakayezirudisha zilivyokuwa.

Sarafu inapogongwa na mhuri kiwandani, madini husukumwa kutoka katikati kwenda ukingoni na kuacha mistari midogo sana. Mistari hiyo ndiyo inayoupa uso wa sarafu mng'ao wa asili: ukiigeuza polepole chini ya taa, mwanga unazunguka juu yake. Majivu, mchanga, dawa ya meno na dawa ya kung'arishia shaba vyote huikata mistari hiyo. Kinachobaki ni weupe wa kisahani na mikwaruzo myembamba kama nywele, ambayo mpimaji huiona kwa lenzi ndogo kabla hujamaliza kumwamkia. Weusi ule si uchafu, ni rangi ya uzee wa fedha. Nimelisema hili redioni, shuleni na misikitini, na bado sarafu zinaletwa zikinukia limau. Tafadhali, acheni.

Madaraja yenyewe, yaani namba zinazoeleza hali ya sarafu, yanatoka Marekani. Mwaka 1949 William Sheldon aliweka kipimo cha 1 hadi 70 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za nchi yake, na wakati ule namba ilikusudiwa kufuatana na bei. Siku hizi namba inaeleza hali ya sarafu tu. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haikuwahi kutumika sokoni. 40 na 45 imetumika kidogo. 12 imelika sana lakini bado inasomeka. Kampuni mbili kubwa za kazi hii ni PCGS, iliyoanza kazi mwaka 1986, na NGC, iliyoanzishwa mwaka 1987. Wapimaji zaidi ya mmoja huangalia sarafu ileile, na uhalisi wake huamuliwa kabla ya daraja. Kisha hufungwa ndani ya kasha gumu la plastiki ambalo haliwezi kufunguliwa bila kuacha alama, likiwa na lebo yenye jina la sarafu, mwaka, daraja na namba ya pekee. Sarafu halisi iliyosafishwa hufungwa pia, ila lebo hutaja dosari hiyo na haibebi namba ya daraja. Ada inalipwa vilevile. Haipungui kwa sababu umekosa daraja, na hairudishwi sarafu ikionekana ni bandia.

Wapo wanaoamini kwamba kasha linaongeza thamani. Hapana. Kasha linasema sarafu ni halisi na iko katika hali gani, basi. Halisemi ni ya nani, imetoka wapi, wala kama ina ruhusa ya kuvuka mpaka. Wapo pia wanaoamini kwamba ukongwe ndio bei. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye kichwa cha mfalme wa Uingereza ina madini ya fedha robo tu hata katika miaka yake bora, 1921 hadi 1946, na ile ya 1948 hadi 1952 haina fedha kabisa. Nyingi zilitengenezwa kwa mamilioni. Na yule anayekuambia rupia yake inavuta punje za mchele, usimsikilize hata dakika moja. Fedha na dhahabu hazivuti kitu, na rupia inayonaswa na sumaku ina chuma ndani, maana yake ni bandia.

Sasa nieleze kinachonifanya niipende kazi hii. Mwaka 1916 meli za Waingereza zilikuwa zimeziba pwani yetu, sarafu hazikuweza kufika kutoka Ujerumani, na karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha kugonga sarafu. Zikatoka sarafu ndogo za heleri 5 na heleri 20, za shaba na shaba nyeupe, sehemu ya madini yake ikitokana na maganda ya risasi za mizinga, na zikatoka rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo. Zote zina herufi T. Zile za heleri 20 ziligongwa kwa haraka, kwa mihuri iliyochongwa palepale, kwa hiyo taji lina sura mbili, kubwa na dogo, na mara nyingi maandishi ya upande mmoja hayakushika vizuri. Mtu asiyejua huiona na kusema imelika. Mpimaji mzuri anajua kutofautisha sarafu iliyolika mikononi na iliyozaliwa dhaifu, kwa kuangalia kama mng'ao ungalipo ndani ya sehemu ile hafifu. Neno letu hela limetoka kwa heleri hiyo, na mtu wa Ngamiani anayelitamka sokoni kila siku anastahili kujua limetoka wapi.

Hapa Tanga tuna jambo jingine ambalo wauzaji wa mtandaoni hawalijali. Mkonge uliingizwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, ukapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na mashamba yakaenea. Baadhi ya mashamba na kampuni za enzi ile yalikuwa na vibati vyao vya kulipia vibarua, vilivyotumika dukani kwa mwajiri. Kampuni za kupima hupokea vibati pia, mradi vimeorodheshwa katika katalogi zinazotambuliwa. Kisichoorodheshwa kinaweza kurudishwa bila daraja. Mimi ningependa zaidi uandike kilitoka shamba gani, babu alifanya kazi gani, alilipwaje. Kibati kilichotoka kwa mjukuu wa mkata mkonge na maelezo yake ya karatasi moja kina uzito ambao lebo ya kampuni haiwezi kuuandika.

Kuhusu sheria, naomba tusomane vizuri, maana hapa ndipo watu wanaingia matatani bila kukusudia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakitambua kuwa masalio ya kale kitu kilichotengenezwa nchini kabla ya mwaka 1863. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa ziko ndani ya kipimo hicho. Ukiiokota kwenye magofu ya Tongoni au Kaole, hutakiwi kuichukua. Unatakiwa kutoa taarifa bila kuchelewa. Kuchimba bila leseni ni kosa. Kuipeleka nje ya nchi bila leseni ni kosa, hata kama unaipeleka kupimwa tu na unakusudia kuirudisha. Adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili, na kitu chenyewe unaweza kunyang'anywa. Rupia na heleri za Mjerumani zimetengenezwa baada ya mwaka huo, kwa hiyo hazimo moja kwa moja katika kifungu hicho, lakini waziri anaweza kutangaza kitu kingine kuwa kinalindwa. Utaratibu ni huu: kabla ya kujaza fomu yoyote ya kampuni ya nje, leta sarafu ofisini, ipigwe picha pande zote mbili, ipimwe uzito, uandikiwe maelezo; panapohitajika leseni, maombi yapelekwe kwa mamlaka ya malikale; ukiwa na kibali ndipo utangaze thamani yake forodhani na kulipia bima. Ukianza na posta, unaanza nyuma.

Ukiuziwa sarafu iliyo ndani ya kasha, iingize namba ya lebo kwenye tovuti ya kampuni, kisha linganisha picha na sarafu uliyoishika: doa kwa doa, mkwaruzo kwa mkwaruzo. Matapeli hunakili namba ya kweli kwenye kasha la uongo, hivyo namba kuonekana peke yake haitoshi. Sarafu ikiwa bado nje ya kasha, mizani ya sonara itakusaidia: rupia ya Mjerumani ina gramu 11.66, ile ya dhahabu ya Tabora gramu 7.168. Ikipungua au kuzidi sana, acha.

Nyumbani, usiweke sarafu kwenye mfuko laini wa plastiki. Ndani ya miezi kadhaa hutoa utelezi wa kijani unaokula shaba, na hewa yetu ya chumvi huharakisha. Bahasha ndogo ya karatasi, sehemu kavu, sarafu moja kila bahasha. Ishike ukingoni, kwa vidole vikavu. Ukija kwetu, njoo nayo ikiwa hivyohivyo ilivyotoka kisandukuni, pamoja na kitambulisho na jina la mzee aliyekuachia. Kuiangalia hatutozi ada, na hatuna wakala yeyote anayepokea fedha kwa simu kwa niaba yetu.