Je, wajua kwa nini fundi huwasha amplifaya mbovu kupitia globu?

Kwa fundi redio jijini Mwanza, awe Kirumba au Igoma, mara nyingi utakuta mezani holda yenye globu ya wati 100, ile ya kizamani yenye uzi ndani, na pembeni yake soketi. Amplifaya iliyokuja imekufa haichomekwi ukutani. Inachomekwa kwenye soketi hiyo, na umeme wote unaoiendea lazima upite kwanza kwenye globu. Globu ikiwaka kwa nguvu mteja anafurahi, umeme si umefika! Fundi naye anakimbilia kuzima.

Anayekosea ni mteja. Kama kazi ya globu ingekuwa kuonyesha kwamba umeme upo, tesa ya bisibisi ingetosha. Globu na amplifaya vimeungwa kwa mfuatano, kwa hiyo vinagawana volti 230 za ukutani. Globu inayong'aa sana imejichukulia karibu volti zote, na haiwezi kufanya hivyo isipokuwa huko mbele hakuna kinachouzuia mkondo. Kuna shoti. Amplifaya nzima huiangaza globu kidogo tu mwanzoni, wakati kapasita kubwa zinajaa chaji, halafu mwanga unafifia hadi wekundu hafifu au giza kabisa. Giza ndilo analoliombea fundi.

Kuna na imani kwamba fyuzi ingefanya kazi hiyohiyo. Haifanyi. Fyuzi inahitaji muda ili iyeyuke, na muda huo unatosha kabisa kuua transista za kutolea sauti, kwa mfano jozi ya 2SC5200 na 2SA1943 inayopatikana kwenye amplifaya nyingi. Ndiyo maana fundi anayebadilisha transista zilizoungua na kuwasha moja kwa moja, bila kujua kilichoziua, anaweza kuziunguza mpya kabla hajaondoa kidole kwenye swichi. Na fyuzi isikatike! Anayevisha kipande cha waya mahali pa fyuzi amehamishia moto kwenye transfoma.

Uzuri wa globu uko kwenye uzi wake wa tangsteni, ambao ukinzani wake hupanda kadiri unavyopata joto. Globu ya wati 100 ikiwaka kikamilifu ina ukinzani wa takriban ohmu 530. Ikiwa baridi haifikii hata sehemu ya kumi ya hapo. Chukulia geti la kivuko cha Kamanga ambalo lingekuwa linajibana lenyewe kadiri abiria wanavyosukumana. Wakija wachache kwa utulivu, wanapita bila hata kuona kuna geti. Hiyo ni amplifaya nzima isiyo na kazi: inavuta mkondo mdogo, uzi unabaki karibu baridi, na volti nyingi zinaifikia. Likija kundi linalokimbia, geti linabana hadi apite mmoja mmoja, na wingi wa watu nyuma haubadilishi chochote. Hiyo ni shoti: hata ingekuwa kamili, mkondo hauzidi ampea 0.43 hivi. Na geti hilo halivunjiki kama fyuzi. Msukumano ukiisha, linafunguka tena.

Globu iking'ang'ania kuwaka, upelelezi ni wa kukata njia. Tenganisha nyaya zinazotoka kwenye transfoma kwenda kwenye brij, zile diodi zinazogeuza umeme wa AC kuwa DC. Kama bado inawaka, mshukiwa ni transfoma yenyewe. Ikizima, rudi kwenye brij, kapasita na transista, ukipima kwa mita: transista iliyokufa mara nyingi husoma karibu ohmu sifuri kati ya miguu yake miwili, kolekta na emita. Usiishie hapo. Angalia transista ndogo zinazoziendesha, rezista za emita, na ile rezista ya kurekebisha bayasi (mkondo mdogo unaoziweka transista tayari kabla ya sauti kuja), kwa sababu kwenye saketi nyingine ikipoteza mguso transista za pande zote mbili hufunguka kwa pamoja.

Spika isiunganishwe mapema. Globu ikishatulia, pima kwanza umeme wa DC kwenye matokeo, yaani pale spika inapochomekwa. Amplifaya nzima kwa kawaida haizidi milivolti 50 hivi. Transista iliyopiga shoti inaweza kupeleka volti 35 za DC kwenye spika ya ohmu 8, yaani wati 150 hivi za joto tupu kwenye koili, bila hata noti moja ya muziki.

Globu ina mipaka. Haikukingi na shoti ya mwilini, na kapasita hubaki na chaji hata plagi ikiwa imechomolewa. Ukipiga muziki kwa sauti kubwa kupitia globu, volti zitashuka, sauti itakwaruza, na utaanza kutafuta ugonjwa ambao haupo. Amplifaya yenye transfoma kubwa, kama zile za mikutano ya injili pale Furahisha, huenda ikataka globu ya wati 200. Zile zenye pawa saplai ya kielektroniki badala ya transfoma nzito zinaweza kuifanya globu ipepese tu, na kupepesa huko hakumaanishi sana.

Taa ya LED haifai kwa kazi hii, maana ndani haina uzi bali saketi yenye tabia zake. Elementi ya pasi nayo ukinzani wake haubadiliki sana inapopata joto, kwa hiyo haina geti la kujibana. Globu ya kizamani ikikosekana dukani, ya halojeni ya volti 230 inafaa, kwa kuwa nayo uzi wake ni wa tangsteni.