Yabisi Amofasi: Kidonge Kisicho na Fuwele

Yabisi amofasi ni kitu kigumu ambacho molekuli zake hazikujipanga. Kwenye fuwele, kama ya chumvi, kila chembe ina mahali pake na mpangilio huo hujirudia mwanzo hadi mwisho. Kwenye amofasi, molekuli zimegandia pale zilipokuwa kabla ya kupata nafasi ya kujipanga. Peremende ngumu ni hivyo hivyo: iache bila karatasi msimu wa mvua, itanata, kisha itafanya chenga za sukari. Dawa ya amofasi nayo huharibika kwa njia hiyo, ila kwa macho huoni kitu.

Fuwele ina halijoto yake ya kuyeyuka. Amofasi haina, hulainika taratibu ikipita kiwango kinachoitwa halijoto ya mpito wa kioo. Indomethasini, dawa ya maumivu, ikiwa katika fuwele zake za kawaida huyeyuka karibu na nyuzi 161 za Selsiasi, lakini amofasi yake huanza kulainika karibu na nyuzi 42. Gari lililofungwa juani Gulu, kaskazini mwa Uganda, hupita hapo bila shida. Ndiyo maana watengenezaji wengi hupenda dawa ihifadhiwe takriban nyuzi 50 chini ya kiwango hicho, na maana yake ni kwamba indomethasini tupu ya amofasi haifai kukaa rafuni.

Kwa nini basi kuhangaika nayo? Dawa nyingi mpya haziyeyuki vizuri majini. Fuwele lazima kwanza ibomolewe ndipo dawa itoke, na kazi hiyo inataka nishati. Amofasi haina cha kubomoa, kwa hiyo dawa nyingi zaidi huingia kwenye maji ya tumbo na hatimaye kwenye damu. Lakini amofasi hubaki na nishati ya ziada, na hiyo ndiyo pia inayoisukuma irudi kuwa fuwele. Kuizuia, dawa huchanganywa na polima ngumu (kitu cha molekuli ndefu kama minyororo), ama kwa kuyeyushwa pamoja na kusukumwa kwenye mashine ya parafujo, ama kwa kunyunyizwa kwenye hewa moto ikauka ghafla.

Mfano ambao vituo vya afya vya Uganda vinaufahamu ni lopinaviri na ritonaviri, dawa za VVU zinazotolewa pamoja. Kapsuli laini za awali zilihitaji friji, na mtu mzima alimeza 6 kwa siku. Mwaka 2005 Marekani iliidhinisha vidonge vilivyotengenezwa kwa kuyeyusha dawa pamoja na polima iitwayo kopovidoni: 4 kwa siku, bila friji. Penye umeme wa kubahatisha, hilo si jambo dogo.

Adui mkubwa ni unyevu, kuliko hata joto. Maji yakiingia kwenye polima hushusha halijoto ya mpito wa kioo, molekuli zinaanza kusogea, fuwele zinachipuka. Hapa ndipo bahasha ndogo ya duka la dawa, isiyozuia unyevu, inapoleta hasara. Wapo pia wanaohamisha vidonge kwa sababu kopo linalia na kuwatoboa siri kwamba wanatumia dawa za VVU. Afadhali viachwe kwenye kopo lake, na kile kifuko cha kukausha unyevu kisitupwe.

Ukipima kiasi cha dawa kwenye kidonge kilichorudi kuwa fuwele, utakuta miligramu zote zimo. Kinachofeli ni kipimo cha kuyeyuka majini. Eksirei nayo huonyesha: kwenye grafu yake amofasi hutoa nundu pana, fuwele hutoa vilele vyembamba. Kukiweka kidonge hicho kwenye friji hakukirudishi kilivyokuwa.

Kusaga nako ni kosa. Watoto waliopewa vidonge vya lopinaviri na ritonaviri vimesagwa walipata lopinaviri pungufu kwa karibu asilimia 45 kwenye damu. Asiyeweza kumeza kidonge kizima apewe chembechembe za watoto, zile zilizojaribiwa Uganda katika CHAPAS-2, utafiti wa dawa za VVU kwa watoto: fungua kapsuli, nyunyiza juu ya uji kidogo, mtoto ameze bila kutafuna. Usizikoroge wala kuzipika.