Kerneli mpya iko kwenye diski, ya zamani ndiyo inayoendesha mashine

Nikikabidhiwa seva ya Linux niikague usalama, amri ya kwanza ninayoandika ni uname -r. Inanionyesha kerneli ipi, yaani toleo lipi la kiini cha mfumo endeshi, inayoendesha mashine saa hiyo, na mara nyingi jibu halilingani na anachoamini mwenye seva. Masasisho yamepakuliwa, yamesakinishwa, ripoti haina tatizo hata moja. Mashine yenyewe bado inatumia kerneli ya miezi mingi iliyopita, na mianya yake yote ya usalama, kwa kuwa hakuna aliyeiwasha upya.

Programu ya kawaida ukiisasisha, unaifunga na kuifungua, basi. Kerneli hupakiwa kwenye kumbukumbu mashine inapowaka na hukaa humo mpaka izimwe. Sasisho huweka faili mpya kwenye diski tu, katika folda kama /boot.

Madhara yake yanaonekana vizuri katika Dirty Pipe, mwanya uliosajiliwa kama CVE-2022-0847 (CVE ni orodha ya kimataifa ya mianya ya usalama), kwa sababu historia yake yote iko wazi. Mwezi Aprili 2021, mteja wa CM4all, kampuni ya Ujerumani inayohifadhi tovuti, alilalamika kuwa logi, yaani rekodi za waliotembelea tovuti, alizopakua hazifunguki. Max Kellermann, mtayarishaji programu wa hapo, akakuta faili iliyobanwa yenye kasoro mwishoni, akaitengeneza kwa mkono, akaendelea na kazi nyingine. Miezi ikapita, malalamiko yale yale yakarudi. Alipozitazama faili zilizoharibika baiti kwa baiti, aliona kwamba baiti 8 za mwisho zimefutwa na nyingine kuandikwa mahali pake, zikianza na herufi PK, alama ya faili za ZIP. Kweli, ilikuwapo huduma iliyokusanya logi za kila siku na kuzitoa kwa mteja kama ZIP moja. Lakini huduma hiyo haikuwa na ruhusa ya kuandika kwenye logi hizo. Ilikuwa na ruhusa ya kuzisoma tu.

Hapo ndipo alipoanza kuishuku kerneli, na alikuwa sahihi. Linux ikisoma faili huweka nakala ya kurasa zake kwenye kumbukumbu, kwa kawaida baiti 4096 kwa ukurasa, ili isirudi diski kila mara. Bomba, ile njia ya kupitisha data kutoka programu moja hadi nyingine, linaweza kuelekezwa moja kwa moja kwenye ukurasa huo bila kunakili chochote. Kila nafasi ndani ya bomba ina bendera zake, yaani alama ndogo za kuwasha au kuzima, na mojawapo husema kwamba data mpya inaruhusiwa kuongezwa kwenye ukurasa uliopo. Ukurasa wa faili haupaswi kamwe kuwa na bendera hiyo. Msimbo ulioingia mwaka 2016, katika toleo la 4.9, haukuzirudisha bendera kwenye sufuri kabla nafasi haijatumika tena. Kwa miaka kadhaa kosa hilo halikumdhuru mtu, maana wakati ule bendera ya hatari haikuwapo. Ilikuja na toleo la 5.8, mwaka 2020. Tangu hapo mtumiaji yeyote mwenye ruhusa ya kusoma faili aliweza kubadilisha nakala yake kwenye kumbukumbu, ikiwemo /etc/passwd, faili ya orodha ya watumiaji, na kujipa madaraka ya ruti, msimamizi mwenye ruhusa zote.

Tiba yake ni mistari miwili. Katika kazi mbili za msimbo (function), kila moja iliongezewa mstari huu: buf->flags = 0;

Kellermann aliripoti kwa timu ya usalama ya kerneli tarehe 20 Februari 2022. Kesho yake kiraka, yaani tiba hiyo, kilitumwa hadharani, bila maelezo ya hatari yake. Tarehe 23 Februari yakatoka matoleo 5.16.11, 5.15.25 na 5.10.102 yakiwa na tiba. Maelezo kamili pamoja na msimbo wa kuonyesha shambulio yalichapishwa tarehe 7 Machi. Sasa chukua seva iliyosakinisha kerneli mpya kabla ya tarehe hiyo lakini haikuwashwa upya. Siku ya tarehe 7 ilikuwa wazi sawasawa na ile ambayo haikusasishwa kabisa, na safari hii kila mtu alikuwa na maelekezo ya kuishambulia. Mwezi Aprili, CISA, wakala wa usalama wa mtandao wa Marekani, iliuweka mwanya huu kwenye orodha yake ya mianya ambayo tayari inatumiwa na washambuliaji.

Nukta moja huwachanganya wengi. Namba ya toleo pekee haitoshi kukuambia kama umetibiwa. Debian 11, mojawapo ya usambazaji wa Linux (kerneli pamoja na programu zinazotolewa kama mfumo mmoja), ilipata kiraka katika 5.10.92-2, namba iliyo chini ya 5.10.102, kwa sababu wao walichukua mistari ile miwili na kuiingiza kwenye kerneli waliyokuwa nayo. Tazama taarifa ya usalama ya usambazaji unaoutumia, ndiyo inayotaja namba unayotakiwa kuwa nayo.

Wanaotumia kontena, yaani programu zilizofungwa kila moja katika mazingira yake kwa zana kama Docker, nao wasikilize. Kontena zote kwenye mashine moja hutumia kerneli ya mashine mwenyeji. Ukijenga upya taswira zako za Docker, vifurushi ambavyo kontena huanzishwa navyo, kila usiku, kerneli haijaguswa hata kidogo.

Nawaelewa wanaoogopa kuwasha upya. Sehemu ya /boot ikijaa kerneli za zamani, sasisho hukwama katikati. Moduli za nje, vipande vya msimbo vinavyopakiwa ndani ya kerneli, kama dereva ya kadi ya mtandao isiyokuja na kerneli, zisipojengwa kwa toleo jipya, mashine huwaka bila mtandao nawe uko mbali nayo. Kwa hiyo kabla ya kuwasha mimi hukagua nafasi ya /boot, huhakikisha moduli zimejengwa, hubakiza kerneli iliyotangulia kwenye menyu ya GRUB, programu inayochagua kerneli ya kuwasha, na huwa na njia ya kuifikia skrini ya mashine bila kutegemea mtandao wake. Naanza na seva isiyo na watu. Ikikaa vizuri, zinafuata nyingine.

Kuna pia viraka vya moja kwa moja, vinavyoelekeza kazi yenye kosa kwenye kazi mpya huku mashine ikiendelea. Msingi wake umo ndani ya Linux tangu toleo la 4.0, mwaka 2015. Navitumia na navipenda, ila vinafaa zaidi pale tiba inapobadilisha msimbo bila kubadilisha umbo la data ambayo tayari iko kwenye kumbukumbu. Kwangu kazi yake ni kunivusha hadi usiku wa matengenezo.

Wengine huniuliza kama wanaweza kuchagua viraka vya muhimu tu. Siwashauri. Tangu Februari 2024 timu ya kerneli yenyewe ndiyo inayotoa namba za CVE, na hutoa nyingi mno, kwa sababu karibu kosa lolote katika kerneli laweza kuwa mwanya kwa mtu fulani. Chukua toleo zima la matengenezo.

Simu za Android, ambazo nazo hutumia kerneli ya Linux, ziko kwenye mnyororo mrefu zaidi: kerneli, kisha Google, kisha mtengeneza chipu, kisha mtengeneza simu. Google waliingiza tiba ya Dirty Pipe kwenye kerneli ya Android tarehe 24 Februari 2022. Wenye Pixel 6 waliipata Mei. Kwenye mipangilio ya simu yako, sehemu ya toleo la Android, kuna tarehe ya sasisho la usalama. Ikiwa imeganda miaka miwili nyuma na mtengenezaji ameshaacha kuihudumia, hakuna programu ya dukani itakayotibu kerneli hiyo. Unaponunua nyingine, kabla ya kuuliza kamera ina megapikseli ngapi, uliza itapata masasisho ya usalama hadi mwaka gani.