Damu haisomeki: mwili hujuaje nani ni ndugu?

Hakuna kiungo katika mwili wa binadamu kinachoweza kusoma damu ya mtu mwingine. Nalisema hili kila nikifundisha tabia za viumbe, na hakosi mtu wa kukunja uso. Damu nzito kuliko maji, ndivyo tulivyolelewa, kisha anakuja mwalimu kusema mwili wenyewe hauioni hiyo damu. Hauioni. Hukisia tu.

Mwaka 2007 watafiti Debra Lieberman, John Tooby na Leda Cosmides walichapisha katika jarida la Nature utafiti juu ya makisio hayo. Walipata dalili mbili. Ya kwanza ni kumwona mama yako akimlea mtoto mwingine tangu uchanga wake. Hii humfaa mkubwa peke yake, maana mdogo hakuwapo mkubwa alipokuwa akinyonya. Mdogo basi hutegemea ya pili: miaka mliyokaa nyumba moja utotoni. Kadiri dalili zilivyokuwa na nguvu, ndivyo mtu alivyokuwa tayari kujitolea kwa nduguye, na ndivyo alivyoona kinyaa kufikiria kulala naye. Hata aliyejua fika kwamba mwenzake ni wa kambo tu, dalili zilimfanyia kazi vilevile.

Hapa Mombasa, mwenye kukulia Kibokoni au Kuze hatashangaa sana, kwa kuwa ndugu wa kunyonya ni jambo analolijua. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, mtoto aliyenyonyeshwa mara tano na mama asiyemzaa, kabla ya kutimiza miaka miwili, huwa mwana wa mama huyo, na wanawe huwa ndugu zake. Kuoana ni haramu. Ikija posa, wazee huulizana kwanza nani alimnyonyesha nani. Ila mirathi hapati! Sheria imempa udugu wa kukaa pamoja bila stara na kuzuiwa ndoa, mali ikabaki kwa nasaba. Mimi naona ni mgawanyo wa akili sana: moyo umeachiwa maziwa na ulezi, shamba likaachiwa damu.

Sasa, kinachokisia huweza kupotoka kikavuka mpaka wa binadamu. Mfano maarufu tunao Bamburi. Baada ya tsunami ya Desemba 26, 2004, ndama wa kiboko alikutwa baharini karibu na Malindi, peke yake. Wakamwita Owen, kwa jina la mmoja wa waokoaji, wakamleta Haller Park, bustani ya wanyama ya hapo Bamburi. Huko akamkimbilia Mzee, kobe mkubwa wa asili ya visiwa vya Aldabra aliyekadiriwa kuwa na miaka 130 hivi, akajibanza nyuma yake. Dunia nzima ikasema kobe amepanga mtoto.

Mimi husimulia kwa kuanzia upande wa pili. Ndama wa kiboko hushikamana na mamake kwa miaka. Asipompata, atashika chochote kikubwa, cha mviringo, kisichomdhuru. Kobe naye hutaga, hufukia, huenda zake. Hana ulezi wa kurithi. Mwanzoni Mzee alimkimbia, tena kwa hasira. Kazi yote ya kutafuta udugu aliifanya Owen. Baadaye walezi wao waliona kobe naye akimfuata kiboko, wakila na kulala pamoja, na hilo kwangu ndilo la ajabu zaidi ya picha zote.

Na sisi watazamaji? Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama, alieleza mwaka 1943 kwamba paji pana, macho makubwa na mashavu ya mviringo huamsha ulezi ndani yetu, hata kwa mtoto asiye wa binadamu. Ndiyo maana picha ya ndama yule ilizunguka dunia.

Lakini katika bustani hiyohiyo kuna kiumbe aliyefanya makubwa kuliko wote wawili, naye ni jongoo. Pale palikuwa machimbo ya saruji, mwamba mtupu. René Haller, mtaalamu wa kilimo, alipoanza kupanda mivinje mwaka 1971, sindano za miti zilianguka zikakaa bila kuoza. Wakaletwa majongoo, wakazila, kinyesi chao kikawa udongo, na juu yake msitu ukasimama. Hakuna mgeni anayekata tiketi kwenda kumwona jongoo.

Kwa asiye na uso wa kutuvuta, kama jongoo au mti, udugu hupitia kwa watu. Wamijikenda hawakuulinda msitu wa kaya kwa kuupenda mti mmoja mmoja. Kaya ni maskani ya mababu, humo mna makaburi yao, na mwenye kukata mti huko amewagusa wao. Baadhi ya kaya ziliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Mikoko ya hori ya Tudor, hapa Mombasa, haina mababu wa kuilinda, ina maji taka.

Wanafunzi hunikamata kwa kunguru. Yule wa Bara Hindi aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, leo yuko kila paa la Mombasa, analea makinda yake vizuri, na kwa miaka tumeishi naye karibu kuliko binamu wengi. Mbona si ndugu? Jibu langu ni kwamba miaka peke yake haitoshi. Kati yetu na yeye hakujapita ulezi, ni kuibiana tu: yeye vifaranga, sisi viota. Aliyewahi kuokota kinda lake likiwa halina manyoya, akalilisha kwa mkono, hatakubali ukimwita mwizi.