Sururu ya dhahabu, mkaa na shoka: yanayoaminiwa kimakosa kuhusu vifaa vya Minecraft

Hapa Dodoma wengi wanachezea Minecraft, gemu ya kuchimba na kujenga kwa bloku, kwenye simu, lakini video wanazojifunzia zimerekodiwa kwenye kompyuta, nyingine kabla ya 2021. Makosa mengi yanaanzia hapo. Gemu hii ina matoleo mawili: Java, ambalo ni la kompyuta, na Bedrock, linalotumika kwenye simu, konso na Windows. Baadhi ya sheria zake hazifanani. Makosa mengine yanatoka nje ya gemu kabisa: mtu anaingia na anachokijua kuhusu dhahabu, mkaa au shamba, anadhani humo ndani mambo ni yale yale.

Dhana: Kabla ya kugusa jiwe, tengeneza seti nzima ya vifaa vya mbao.

Huko ni kupoteza miti na mchana. Kifaa pekee cha mbao unachokihitaji ni sururu. Magogo 3 yanatosha kukuvusha hadi kwenye jiwe, na hesabu yake iko hivi. Gogo 1 linatoa mbao 4, kwa hiyo una mbao 12. Meza ya ufundi inakula 4, kichwa cha sururu 3. Mbao 4 zigeuze vijiti: kila mbao 2 hutoa vijiti 4, unapata 8. Umebakiwa na ubao 1.

Vijiti 2 vinaingia kwenye sururu ya mbao. Sasa chimba mawe 16. Sururu ya jiwe inataka mawe 3 na vijiti 2, shoka mawe 3 na vijiti 2, upanga mawe 2 na kijiti 1. Mawe 8 yaliyobaki yanakuwa tanuru. Umetumia vijiti 7. Cha nane kiunganishe na kipande 1 cha makaa, upate mienge 4. Sururu ya mbao ina matumizi 59 tu, lakini kwa mawe 16 haijafika hata theluthi ya maisha yake.

Usijaribu kuruka hatua ya sururu ya mbao. Jiwe ukilipiga kwa mkono linachukua sekunde 7 na nusu kuvunjika, na likivunjika halikupi chochote.

Dhana: Sururu ya dhahabu ni bora kuliko ya chuma, maana dhahabu ina thamani.

Dhahabu ni mali, awe anaisema mchimbaji wa Sekenke kule Iramba au wa Geita. Lakini muulize sonara yeyote: dhahabu safi ni laini. Gemu imelifuata jambo hilo. Sururu ya dhahabu ndiyo inayochimba kwa kasi kuliko zote, ila inavunjika baada ya matumizi 32. Ya jiwe ina 131, ya chuma 250, ya almasi 1,561.

Kibaya zaidi ni daraja lake. Kwa uwezo wa kuchimba, dhahabu iko sawa na mbao, kwa hiyo ukiipiga kwenye mwamba wenye chuma, mwamba unavunjika na chuma hukioni. Hiki ndicho kisa cha watu wanaodai gemu imewaibia almasi. Mtu anakutana na almasi akiwa na sururu ya jiwe, anapiga, mwamba unasambaratika, chini hakuna kitu. Si hitilafu. Shaba, chuma na lapisi (madini ya bluu) vinataka sururu ya jiwe au zaidi. Dhahabu, redstoni (madini mekundu), zumaridi na almasi vinataka ya chuma au zaidi. Obsidiani, mwamba mweusi mgumu, inataka ya almasi au zaidi, na hata hivyo kila bloku itakuchukua sekunde 9 na kidogo. Ukikuta almasi huna sururu ya chuma, weka mwenge hapo, andika namba za mahali ulipo, ondoka.

Dhahabu yako itunzie kazi nyingine. Miche 4 (vipande vya dhahabu iliyoyeyushwa) inatoa viatu, na ukivaa kipande kimoja tu cha dhahabu ukiwa Nether, ile dunia ya moto ndani ya gemu, piglini (viumbe wanaofanana na nguruwe) hawakushambulii kwa kukuona tu, ili mradi usifungue masanduku wala kuchimba dhahabu mbele yao.

Dhana: Mkaa wa miti ni duni, lazima upate makaa ya mawe.

Tanuruni viko sawasawa. Kipande 1 cha mkaa kinayeyusha au kupika vitu 8, sawa na kipande 1 cha makaa ya mawe. Kila kitu kinachukua sekunde 10, kwa hiyo kipande kinawaka sekunde 80. Mienge nayo inatengenezwa kwa chochote kati ya hivyo viwili. Tofauti ni kwamba mkaa hauwezi kuunganishwa kuwa bloku, na wanakijiji wa ndani ya gemu wanaonunua makaa ya mawe hawaununui.

Kinachostahili kuangaliwa ni jinsi unavyolichoma gogo. Ukiliweka zima kama kuni, linapika kitu kimoja na nusu tu. Ukilipasua mbao 4, kila ubao unapika kimoja na nusu, jumla 6. Ukiligeuza mkaa, linapika 8. Gogo ni lile lile. Kuanza ni rahisi: weka mbao 2 chini kama kuni na magogo 3 juu, na baada ya nusu dakika una vipande 3 vya mkaa. Kuanzia hapo mkaa wenyewe ndio unaochoma magogo mengine: kipande kimoja kwa magogo 8. Kwa anayeanza usiku wa kwanza bila kuona hata doa la makaa ya mawe, hii ndiyo njia ya kupata mwanga.

Dhana: Shoka linapiga kuliko upanga.

Kweli kwenye Java, si kweli kwenye simu. Kwenye Java shoka la jiwe lina pigo la 9 na upanga wa jiwe 5, ingawa shoka ni zito na kati ya pigo na pigo unasubiri zaidi. Kwenye Bedrock upanga wa jiwe una 6 na shoka 5, na ndivyo ilivyo kwa chuma na almasi pia: upanga unazidi kwa moja. Juu ya hayo, kila ukipiga kiumbe kwa shoka linapoteza matumizi 2 badala ya 1. Kama uko kwenye simu, shoka liache likate miti.

Dhana: Chuma cha kwanza kinaenda kwenye upanga na mavazi ya vita.

Mavazi kamili yanameza miche 24: kofia 5, fulana 8, suruali 7, viatu 4. Utakaa shimoni muda mrefu kuitafuta, na muda wote huo huna kinga. Ukipata miche 7 ya mwanzo, igawe hivi: sururu 3, ndoo 3, ngao 1. Ngao inaongezewa mbao 6, na kwa bei hiyo hakuna kinga inayoikaribia. Mishale ya viumbe wa mifupa inayotoka mbele yako inakwama pale pale.

Kwenye Java unashikilia kitufe cha kulia cha kipanya. Kwenye simu hakuna kitufe chake: ngao inainuka unapochuchumaa. Wengi wanaitengeneza, wanaishika mkononi, wanapigwa mishale, kisha wanaitupa wakisema haifanyi kazi.

Ndoo jaza maji kabla ya kushuka chini kabisa.

Dhana: Almasi iko ngazi ya 11, na mienge ijae kila hatua tano.

Yote mawili yalibadilika na toleo la 1.18, lililotoka tarehe 30 Novemba 2021. Dunia iliongezwa kina hadi ngazi ya -64, na almasi sasa ni nyingi zaidi karibu na -59. Kwenye Bedrock washa kwanza kuonyesha namba za mahali katika mipangilio ya dunia yako. Mapango ya kina hicho yana lava, ndiyo sababu ya ile ndoo: maji yakifunika lava iliyotulia yanaigeuza obsidiani, na lava inayotiririka inakuwa mawe.

Kuhusu mienge, zamani viumbe wabaya walizaliwa hata penye mwanga hafifu wa ngazi 7. Sasa, kwenye dunia ya kawaida, wengi wao wanahitaji giza la sifuri kabisa. Mwenge una mwanga wa 14, unaopungua 1 kila bloku, kwa hiyo bloku ya 13 kutoka mwenge ulipo bado ina mwanga wa 1. Kwenye njia iliyonyooka, mwenge mmoja kila bloku 20 unatosha.

Dhana: Kifaa kikikaribia kuvunjika, kitupe.

Viwili vya aina moja viweke pamoja kwenye nafasi ya kutengenezea, hata bila meza. Matumizi yao yanajumlishwa, na unaongezewa asilimia 5 ya uhai wa kifaa kipya. Sururu mbili za jiwe, moja imebakiwa na 30 na nyingine 40, zinakupa moja yenye 76. Usiziunganishe zikiwa bado nzima, kwa sababu kinachozidi 131 kinapotea. Na chochote chenye nguvu za kichawi usikiunganishe kwa njia hii, zitafutika. Hicho kinataka fuawe.

Dhana: Shambani kila mmea lazima uguse maji.

Kwa mtu aliyezoea ukame wa huku kwetu ni wazo la kueleweka. Lakini bloku 1 ya maji inalowesha udongo hadi bloku 4 kila upande, pembeni na kwenye kona, yaani mraba wa 9 kwa 9. Ukitoa ya maji katikati, unabaki na bloku 80 za kulima. Hapo jembe la mbao halifiki mwisho, linaisha kwenye bloku ya 59. Lima na la jiwe, mawe 2 na vijiti 2. Ngano iliyopandwa pakavu haifi, inachelewa tu. Kinachoharibu shamba ni kurukaruka juu yake: udongo uliolimwa unarudi kuwa wa kawaida na mmea unang'oka. Zungushia uzio, na wewe mwenyewe tembea bila kuruka.