Stenlesi ya 316 ni chuma gani?

Katika maduka ya vifaa mjini Unguja, neno stenlesi hutumika kwa kila chuma cheupe kinachong'aa, kiwe kijiko, sinki au mnyororo wa nanga. Kwa mtu anayetengeneza boti, au anayeweka vyuma vya roshani inayotazama bahari, neno hilo halitoshi, kwa sababu stenlesi ni jamaa kubwa ya aloi, yaani michanganyiko ya metali, zenye tabia mbalimbali, na ile inayouzwa kwa sifa ya kuhimili bahari ina namba yake, yaani 316.

Stenlesi yoyote ni chuma kilichochanganywa na kromiamu isiyopungua kiasi cha asilimia 10.5. Kromiamu hiyo hushikana na oksijeni na kufanya utando wa nanomita chache tu, usioonekana kwa macho, ambao huufunika uso mzima wa chuma. Utando huu ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe, madhali oksijeni inafika mahali palipokwaruzwa, na hapo ndipo unapotofautiana na rangi ya mafuta, ambayo ikishabanduka huacha chuma kikiliwa.

Namba 316 imo katika kundi liitwalo la austeniti, jina linalotokana na William Chandler Roberts-Austen, mtaalamu wa madini wa Uingereza aliyefariki mwaka 1902. Austeniti ni namna atomi zinavyojipanga: mithili ya sanduku lenye atomi moja katika kila pembe na nyingine katikati ya kila uso. Chuma kitupu hujipanga hivyo kikiwa cha moto tu, kupita nyuzi 912 za Selsiasi, lakini nikeli ikitiwa ya kutosha mpango huo hubaki hata chuma kikipoa. Kwa sababu hiyo aloi za kundi hili hukunjika bila ya kukatika, hazigeuki kuwa dhaifu katika baridi kali, hazikazwi kwa kuchomwa na kuzimwa majini kama panga, na kwa kawaida hazinasi sumaku.

Ndugu yake wa karibu ni 304, ambayo ndiyo ya masufuria na masinki, yenye kromiamu ya asilimia 18 hivi na nikeli ya asilimia 8. Mtu angedhani kuwa 316 ina kromiamu zaidi, na kumbe inayo pungufu kidogo, baina ya asilimia 16 na 18. Kilichozidi ni nikeli, asilimia 10 hadi 14, na molibdeni, asilimia 2 hadi 3, na hiyo molibdeni ndiyo inayolipiwa. Chumvi ya bahari ina kloridi, na kloridi hutafuta mahali utando ulipo dhaifu, ikapenya na kuchimba kishimo kidogo kama tundu la sindano. Ndani ya kishimo maji hugeuka kuwa na asidi na oksijeni haifiki, kwa hiyo utando hauwezi kujirudisha, na kuliwa huendelea chini kwa chini huku uso wa juu ukionekana mzima. Molibdeni huyafanya mashimo hayo yawe magumu kuanza.

Magumu, lakini si muhali. Katika nyumba za Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, zinazopigwa na upepo wa kusi, vyuma vya 304 vya kushikia ngazini huweza kutia madoa ya rangi ya chai, na hata 316 isiyooshwa hufikwa na hali hiyo. Ukichungua utaona jambo la ajabu kidogo: sehemu iliyo chini ya paa huharibika zaidi kuliko ile iliyo wazi, maana iliyo wazi huoshwa na mvua ya masika, na iliyofunikwa hubaki na chumvi yake. Kitambaa na maji ya mfereji hufanya kazi kubwa hapo kuliko dawa yoyote ya kung'arishia. Brashi ya waya wa chuma cha kawaida isikaribishwe, kwa kuwa huacha chembe za chuma ambazo hushika kutu juu ya stenlesi.

Hatari zaidi ni bolti iliyopita ndani ya mbao za chombo, chini ya usawa wa maji. Kichwa chake kinang'aa, ilhali shina lililokaa katika mbao zenye maji ya chumvi na zisizopitisha hewa linaliwa, na fundi hugundua siku anapoifungua ikatoka nusu. Mahali kama hapo mimi nisingeiamini 316 peke yake.

Ghairi ya boti, aloi hii hutumika katika mapampu, matangi ya dawa na vyombo vya kukamulia mafuta ya mimea. Mafuta ya makonyo ya karafuu, kwa mfano, yakigusana na chuma cha kawaida hubadilika rangi na kuwa meusi. Kwa kazi za kuchomelea hutafutwa 316L, ambayo kaboni yake haizidi asilimia 0.03. Kaboni ikiwa nyingi, joto la kuchomelea huifanya ishikane na kromiamu kandokando ya maungio, na sehemu hiyo ikabaki bila ya kinga.

Dukani, sumaku haisaidii kutenganisha 304 na 316, kwani zote mbili ni za austeniti, na zote huweza kunasa kidogo zikishakunjwa au kuvutwa zikiwa baridi. Kwa bolti, tazama alama iliyopigwa kichwani: A2 ni ya jamaa ya 304, na A4 ni ya jamaa ya 316, kama vile A4-70. Nyuzi za bolti zitiwe grisi kabla ya kukazwa, kwa sababu stenlesi kwa stenlesi huumana, na nati ikishaumana haitoki ila kwa msumeno.