Oili chafu haiui wadudu wa mbao

Jamani, hili la oili chafu limenichosha. Mtu kamwaga oili ya injini, anachukua brashi anapaka kwenye mbao iliyobunguliwa halafu anakaa roho kwatu eti wadudu wamekufa. Hawajafa! Mimi nafungua injini na mbao naranda, vyote viwili nashika kila siku, na nakwambia hiyo oili hapo haina kazi.

Hebu tuanze na matundu yenyewe maana hapa ndipo watu wananitoa jasho. Kila mtu akiona tundu anasema mdudu kaingilia hapa. Siyo, mara nyingi katokea hapo. Mbawakawa anataga kwenye vinyweleo vya mbao au kwenye nyufa, yai likianguliwa buu linazama ndani na linakula humo miezi, aina nyingine miaka kabisa, na huku nje ubao unauona mzima tu, mpaka litakapokuwa mdudu kamili ndio linatoboa na kuruka zake. Kwa hiyo unapojaza oili kwenye tundu unamtibu aliyekwisha kuhama, wenzake bado wako ndani wanakula. Na oili yenyewe ni nzito, kazi yake ni kushika juu ya chuma, tena ikishatumika ina masizi na chembe za vyuma, sasa itazama vipi kwenye ubao mgumu? Inabaki juu juu. Utakachopata ni mbao isiyoshika gundi, vanishi haikauki, na uchafu wenye kemikali za kusababisha saratani ambao mtaushika kila siku.

Halafu angalia unga unaotoka. Ukiwa laini kama poda, huyo mara nyingi anakula wanga ulioko kwenye ile sehemu nyeupe ya nje ya mbao ngumu, kiini hana habari nacho, kwa hiyo ukate weupe wote kabla hujaunda chochote. Vipunje vyenye pande sita ni mchwa wa mbao kavu, hiyo kesi nyingine. Vitundu vyenye weusi pembeni na hakuna unga kabisa, hao waliingia gogo likiwa bichi, mbao ikikauka hawaishi humo, usipoteze dawa.

Dawa ninayotumia kwa vitu vya ndani ni boraksi na asidi ya boriki kwenye maji ya moto. Kwangua vanishi na rangi yote kwanza, la sivyo haipenyi, na usiitumie pa kunyeshewa maana mvua inaiosha. Ila niseme kweli, kwenye mbao ngumu iliyokauka sana haifiki mbali, na wadudu wengine watatoka hata baada ya kupaka. Joto ndio linafika katikati: kiwango cha ISPM 15 cha mbao za kufungashia mizigo ni nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30, na hizo nyuzi zihesabiwe kwenye moyo wa ubao siyo juu. Lakini joto halimzuii mdudu mwingine kuja kesho.

Kujua kama bado wapo ni kazi. Futa unga kwa brashi, zungushia chaki kila tundu, subiri. Unga peke yake usikutishe, ukigonga nyundo karibu hata wa zamani unadondoka, tundu jipya lisilo na chaki ndio ushahidi. Na lisipotokea pia siwezi kukuapia wamekwisha, buu linaweza kukaa kimya muda mrefu sana.

Sasa wewe unayeshushia injini nyumbani na chenibloko (ule mnyororo wa kunyanyulia vitu vizito) umeifunga kwenye boriti yenye matundu, hayo ya dawa weka pembeni kwanza. Dawa hairudishi nguvu ya mbao, na gundi ya epoksi utakayomimina huwezi kuona imejaza wapi na imeacha wapi. Chomeka bisibisi sehemu kadhaa, ikizama kirahisi hata sehemu moja boriti hiyo isibebe kitu. Isipozama bado usiiamini, toboa kwa drili uangalie kinachotoka, na ukipata unga badala ya vipande vya mbao, injini ishushwe kwa stendi ya chuma.